Kuku Wanataga Kwenye Kiti cha Dereva

Wiki mbili zilizopita shangazi yangu wa Busia alinipigia simu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Katika ukoo wetu simu ya saa hiyo ina maana moja tu, kwa hiyo niliipokea nikiwa nimeshakaa kitako kitandani, mkono kifuani, nikijiuliza ni nani na mazishi ni lini.

"Baba Profesa, mmeamkaje?" akasema kwa furaha. "Yule mwekundu ametaga tena. Sasa ni kumi na moja."

"Ametaga wapi, shangazi?"

"Si pale pale. Kwa dereva."

Kwa dereva ni kiti cha mbele, mkono wa kulia, cha Probox yangu. Gari lina jina langu kwenye logbuku, lina bima niliyoilipa mimi, na linaishi chini ya mwembe wa shangazi, Busia upande wa Kenya. Mimi mwenye gari naishi Iyolwa, wilaya ya Tororo, Uganda. Kila mwezi mara moja navuka kwenda kulitembelea, kama mtu anayemtembelea mwanawe shule ya bweni. Naliwasha likohoe kidogo, nalipangusa vumbi, naliambia livumilie, halafu napanda boda boda narudi kwa mke wangu.

Najua wewe msomaji unacheka. Cheka tu, lakini kama umewahi kuhamisha nyumba nzima, mke, watoto na friji kuvuka mpaka kwa sababu ya kazi, basi wewe ni mwenzangu na utanielewa. Hadithi yenyewe imepindapinda. Anayeweza kuisimulia kwa mpangilio ni mke wangu, ila toleo lake lina kasoro moja: kila kosa ndani yake ni langu.

Mimi ni mhasibu. Nilikuwa Kakamega nikifanya hesabu za watu waliokuwa na pesa, na mwishoni mwa 2023 nikapata kazi Tororo, kwenye karakana ya malori. Barua ilisema mshahara ni shilingi milioni tatu kwa mwezi. Soma tena: milioni tatu. Bila shaka ni shilingi za Uganda; ukigawanya kwa ishirini na tano, kama ilivyokuwa siku zile, unabaki na laki moja na ishirini za Kenya. Lakini nani katika ukoo wangu alikuwa na haja ya kugawanya? Mama alimnong'oneza jirani, jirani akalitoa kanisani kama ombi la shukrani, na kufikia Jumatatu nilikuwa na binamu watatu wanaotaka karo na mjomba mmoja anayetaka ng'ombe wa maziwa, "hata kama ni mmoja tu, kijana wetu, wewe sasa umetoka."

Mke wangu ndiye aliyegawanya. Humu nitamwita Hazina, kwa sababu mbili: ni hazina ya moyo wangu, na hakuna senti inayotoka humu ndani bila sahihi yake. Hazina ni Mjopadhola, mzaliwa wa Iyolwa. Alipoisoma ile barua hakusema neno. Alichukua kalamu yangu mwenyewe na kuniandikia pembeni kodi ya mshahara ya Uganda: 235,000 za mwanzo hazikatwi, kisha asilimia kumi, kisha ishirini, na kila shilingi inayozidi 410,000 inakatwa asilimia thelathini. Jumla 802,000. Akaongeza asilimia tano ya mfuko wa uzeeni, 150,000. Akapiga mstari, akaandika 2,048,000, akanirudishia kalamu.

"Na bado hujatoa pesa kwenye simu," akasema. "Kule kila ukitoa unakatwa nusu asilimia ya serikali."

Nikamwambia hata Kenya tunakatwa, tena sasa kuna ya nyumba, moja na nusu, na nyumba yenyewe sijaiona. Akasema ndiyo, ila Iyolwa kuna mama yake. Hapo nikajua kwamba uamuzi ulikuwa umeshapita na mimi nilikuwa nasomewa kumbukumbu za kikao.

Sasa kuhusu viza. Marafiki zangu wa Nairobi waliniuliza nimeombaje viza ya Uganda, nami nikajikuza kidogo kabla ya kuwaambia kwamba hakuna. Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu tangu 2014. Kibali cha kazi kinahitajika, lakini ada yake iliondolewa kwa Wakenya, kwa hiyo unachopeleka ni makaratasi: barua ya mwajiri, vyeti vya shule, cheti cha tabia njema kutoka polisi. Hicho cha tabia njema kilimsisimua sana Hazina. Nilipokileta alikishika kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama mbele na nyuma, akasema, "Hawa polisi hawakuniuliza mimi."

Baba mkwe alilichukulia suala zima la vibali kama tusi. Yule mzee tunamwita Mzee 1902, kwa siri, ingawa nadhani anajua na anapenda. Ni kwa sababu ya hoja yake moja ambayo ameitumia katika posa, katika mazishi na mara moja katika kesi ya mbuzi: kwamba hadi 1902 Uganda ilifika Naivasha. Na ni kweli, angalia kitabu chochote cha historia. Kisumu, Kakamega, Mumias, kote huko kulikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, hadi Waingereza walipoukata na kuubandika upande wa pili. Ndiyo maana reli iliyotoka Mombasa ikaitwa Reli ya Uganda, na ilipofika ziwani Kisumu 1901 ilikuwa imefika Uganda kwelikweli.

"Kwa hiyo wewe huhamii," alinipigia simu kunifafanulia. "Wewe unarudi. Mtu akirudi kwao anaombwa kibali?"

Mwaka 1976 Idi Amin alijaribu kuitumia hoja hiyo hiyo na kudai nchi hadi kilomita 32 kutoka Nairobi. Nilimkumbusha mzee siku moja tukinywa chai. Akasema Amin alikuwa mtu mbaya sana, tena sana, lakini kwenye jiografia hakukosea.

Tatizo langu halikuwa kibali wala kodi. Lilikuwa Probox. Gari hilo nililinunua kwa kaka yangu mkubwa, Senator. Hajawahi kuwa seneta. Alishindwa udiwani mara mbili, na ushindi wake pekee ni hilo jina. Nililipa pesa zote, nikapewa ufunguo, na kwa miaka mitano nikaliendesha likiwa bado na jina lake. Kila nikimwomba abadilishe jina, alikuwa hana bando, au simu imelala, au yuko mkutanoni. Nami, nikiri, sikusukuma sana; ndugu ni ndugu. Jina lilibadilika Mei 2023, siku aliyotaka nimsaidie deni la mabango. Weka hiyo Mei akilini.

Tulihama Januari 2024. Mama yangu aliona ni aibu niende kukaa karibu na wakwe mikono mitupu, akanifungia kuku watatu na jogoo. Lori la Canter lilibeba vitu, Probox ikabeba sisi: mimi, Hazina, Profesa na Redio, na kuku wanne miguuni mwa Profesa. Profesa ni mwanangu wa miaka kumi na miwili, anayejua kila kitu. Redio ni dada yake wa miaka mitano wakati ule, ambaye hajui kitu kimoja tu, kunyamaza.

Ukitoka Kenya kupitia Busia siku hizi husimami Kenya. Tangu marais Kenyatta na Museveni walipozindua kituo cha pamoja pale, Februari 2018, unapitiliza hadi jengo la upande unaokwenda, na humo ndani unakuta dirisha la Mkenya anayekugongea muhuri wa kutoka na la jirani yake Mganda anayekugongea wa kuingia. Ni utaratibu mzuri. Mimi ninayekumbuka foleni za zamani, za kusimama jua la utosi huku na jua la utosi kule, nausifu. Shida ni kwamba unawapata wote wawili kwa pamoja, na wote wanasikia.

Hazina alikuwa ametupa maagizo garini: jibu unachoulizwa, usiongeze. Alituambia wote, lakini alikuwa akimtazama Redio kwenye kioo.

Afisa wa forodha alianza na orodha ya vitu. Vyombo vya nyumbani vilivyotumika, vya mtu anayehamisha makazi, havitozwi ushuru. Unachotakiwa ni kuviandika. Nami niliviandika, kurasa nne, kwa mistari ya wino mwekundu. Afisa alivutiwa. Alisoma kwa sauti: "Viti vya plastiki, sita. Ndoo, saba. Sufuria, kumi na nne. Vifuniko vya sufuria, tisa." Akainua macho. "Vifuniko vitano viko wapi?"

"Ahsante sana, afande!" Hazina akadakia. "Swali hilo nimemuuliza tangu 2016."

Tukacheka wote, nikafikiri tumepita. Kisha afisa akainama kumtazama Redio kama watu wazima wanavyofanya. "Na wewe unakwenda kumtembelea bibi?"

"Tunahamia!" Redio akatangaza, na foleni yote ikageuka. "Baba atakuwa milionea! Na kuku wetu wamekunya kwenye kiatu cha Profesa!"

Dakika iliyofuata ilikuwa na maswali mawili. La kwanza: kuku wana cheti cha daktari wa mifugo? Nikamwangalia mke wangu. Mke wangu akamwangalia jogoo. La pili: gari linaingia kwa kibali cha muda, sawa, na kadi ya njano ya COMESA ninayo, sawa, bima iko vizuri, lakini kibali cha muda ni cha mgeni. Anayehamia si mgeni. "Mkishakaa," afisa akaniambia kwa upole kabisa, "ama ulilipie liwe la hapa, ama ulirudishe. Usije ukakamatwa nalo, mzee."

Kuku walirudi Kenya siku hiyo hiyo kwa boda boda, kwapani mwa kijana mmoja, hadi kwa shangazi. Na hapa acha nikupe habari ndogo ambayo watu wa Busia hawakuachii upite bila kuisikia: neno boda boda lilizaliwa mpakani hapa, wakati wa baiskeli za miaka ya 1960 zilizokuwa zikiwavusha watu eneo la katikati ya vizuizi viwili, mwenye baiskeli akiita kwa Kiingereza chake, mpaka hadi mpaka. Leo neno liko Kigali na Dar es Salaam. Kuku wa mama yangu walisafiri kwa usafiri wa kihistoria.

Upande wa pili alikuwa akitusubiri mama mkwe. Yeye jina lake ni Forodha, na jina hilo alilichuma kwa haki. Miaka michache nyuma alikuja kututembelea Kakamega na njugu, simsim na unga wa wimbi, vyote amevifunga vizuri kwenye kavera. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake inafika hadi milioni nne za Kenya au miaka minne jela. Hawakumfunga, la hasha. Walimwambia tu amwage kila kitu kwenye beseni la kuazima na aache mifuko. Mama wa watu alifika kwangu amebeba njugu ndani ya leso. Tangu siku hiyo kila mfuko unaotoka Kenya na kuingia nyumbani kwake unafunguliwa mezani na kukaguliwa, hata ukiwa na mkate tu. Anaita usawa.

Sasa, kwetu Waluhya na kwao Jopadhola, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Humshiki mkono ovyo, humtazami machoni, hukai naye chumba kimoja mkaanza kupiga soga. Waliopanga desturi hiyo hawakuijua Probox. Forodha aliketi nyuma kabisa, kichwa amekifunika leso, akamweka Redio katikati kama mkalimani, nasi tukaelekea Iyolwa.

"Baba, bibi anasema gari linanuka kuku."

"Mwambie bibi kuku wamebaki kwa shangazi."

Mnong'ono. "Bibi anauliza wamebaki kwa nini."

"Mwambie hawakuwa na cheti."

Mnong'ono mrefu, na kicheko cha chini ambacho adabu ilinilazimu nisikisikie. "Bibi anasema yeye angewapitisha."

"Muulize angewapitisha wapi."

"Bibi anasema usiulize."

Sikuuliza. Mpaka huu una njia za panya nyingi kuliko nyuzi za mkeka, na wazee waliokuwa vijana miaka ya sabini, wakati wa magendo, wakati sukari na sabuni na kahawa vilipokuwa vikivuka usiku, wana kumbukumbu ambazo haziandikwi. Forodha kuwa upande wa serikali ni jambo la uzeeni.

Mpango ulikuwa tupange nyumba Tororo mjini, karibu na kazi. Iyolwa tungelala wiki mbili, kwenye nyumba ya marehemu shangazi yake Hazina, hatua mia moja kutoka kwa wazazi wake, wakati mimi nikitafuta. Nilitafuta. Kila nyumba niliyoipata Hazina aliiona ina dosari: hii choo kiko nje, hii choo kiko ndani, hii mwenye nyumba ana macho. Hiyo ilikuwa Januari 2024. Wakati naandika haya ni Agosti 2025, na zile wiki mbili hazijaisha.

Unajua maana yake hiyo. Kwetu mwanamume akihamia kwa wakwe husemwa ameolewa. Kundi la ukoo kwenye WhatsApp lilikaa kimya siku tatu, kisha mjomba, yule wa ng'ombe wa maziwa, akauliza kwa herufi kubwa: NG'OMBE TULIOPELEKA IYOLWA SASA WATARUDISHWA, MAANA NAONA NI SISI TULIOOZA? Senator akaweka vichekesho vya machozi vinane. Nilivihesabu.

Watoto walizoea kabla yangu. Profesa ndiye aliyeumia kidogo. Kakamega alikuwa ameanza wiki hiyo hiyo gredi ya saba, sekondari ya chini, na kwa siku nne alizokaa huko alikataa kutumwa dukani, kwamba mtu wa sekondari hatumwi chumvi. Uganda hakuna hiyo. Shule ya msingi ni miaka saba na mtihani wa mwisho. Mwalimu mkuu akampima, akamweka darasa la sita. Mtoto aliondoka Kenya akiwa wa sekondari, akavuka barabara akawa wa msingi. Alinitazama kama mtu aliyeuzwa. Alipata faraja kwa rolex, yaani chapati iliyokunjiwa mayai, anayoiona kuwa mchango mkuu wa Uganda kwa binadamu. Redio naye alikataa posho kwa siku mbili akidai ugali, hadi Mzee 1902 alipomkalisha na kumweleza kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama amri ya paredi: "Wewe. Hii posho ni ugali. Hii ugali ni posho. Kula."

Halafu radi. Hazina hakuniambia kuhusu radi, ndoa yote ile. Tororo ina rekodi: katika miaka kumi kuanzia 1967 hadi 1976 palihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Mimi nilijifunza takwimu hiyo jioni moja ya Machi, kwa mdomo wa Mzee 1902, tukiwa tumesimama mbele ya friji yangu iliyokuwa ikitoa moshi mwembamba wa buluu. Friji hiyo ilikuwa ukurasa wa kwanza wa orodha yangu, mstari wa kwanza. Mzee aliiangalia kwa kitu kilichofanana na fahari.

"Mia mbili hamsini na moja," akarudia. "Hata Nairobi hawana."

Na kodi, nikiwa mhasibu, nilidhani ndipo mahali pekee nitakapotamba. Nikamweleza Hazina kwamba kwa kuwa sasa nakaa Uganda zaidi ya siku 183 kwa mwaka, mimi ni mkaazi wa Uganda kikodi. Akaniuliza na ile nyumba yetu ya Kakamega je? Nikanyamaza. Maana sheria ya Kenya inasema mwenye makao ya kudumu Kenya, akikanyaga huko hata siku moja katika mwaka, ni mkaazi wa Kenya kikodi mwaka huo. Siku moja! Nami Desemba huenda kwa mama kula kuku. Kwa hiyo kuku mmoja wa Krismasi anatosha kunifanya mkaazi wa nchi mbili, na kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni nakaa chini nikiijazia Kenya fomu zangu, nikiambatanisha kila karatasi ya kodi niliyokatwa Uganda nisije nikatozwa mara mbili. Hazina ananiletea chai, ananiambia, "Pole, milionea."

Turudi kwa Probox. Kibali chake cha muda kilipokaribia kuisha nikaenda kwa ajenti wa forodha, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, nikamwekea mezani sheria niliyoisoma usiku kucha: Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, 2004. Anayehamisha makazi ana nafuu ya gari moja alilolimiliki na kulitumia kwa angalau miezi kumi na miwili. Nikamwambia kwa majivuno, nimelitumia karibu miaka sita.

Akafungua logbuku. Akahesabu kwa vidole: Mei, Juni, Julai... akafika Januari, akasimama. "Miezi minane, mzee."

Senator! Nilitaka kulia.

"Basi nilipie," nikasema. "Ushuru, VAT asilimia kumi na nane, ada ya mazingira, niambie jumla." Akaitazama tena logbuku, safari hii sehemu ya mwaka wa kutengenezwa. Gari ni la 2008. Tangu 2018 Uganda haipokei gari la umri wa miaka kumi na mitano au zaidi. Kenya yenyewe inakataa la zaidi ya miaka minane, lakini langu liliingia huko likiwa na saba, likazeekea ndani. Kijana alifunga logbuku taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili kama anayenipa rambirambi.

Nililirudisha mwenyewe, siku mbili kabla ya kibali kuisha. Shangazi alinipa chai na kivuli cha mwembe. Kioo cha dirisha la dereva kiligoma kupanda, kama kinavyogoma tangu enzi za Senator, nikakiacha wazi kiasi cha kiganja, nikaondoka. Kuku wa mama yangu walikuwa wakinitazama kutoka jikoni. Ndio wale wale walionyimwa kuingia Uganda, na sasa wameona mwenzao.

Kazini naenda kwa pikipiki ya jirani, kofia yangu, koti la mvua la Mzee 1902. Hazina anasema nimepungua tumbo na kwamba faida hiyo sijaiingiza kwenye vitabu. Forodha, kupitia Redio, ameniuliza mara mbili kama nataka gari lipitishwe. Nimejibu hapana mara moja na nusu.

Jana shangazi alipiga tena, saa ile ile. Nilipokea nikiwa nimelala. Mtu huzoea. Mwekundu ameacha kutaga, amelalia. Shangazi ananiomba mwezi huu nisije kuwasha injini. Kuku hulalia siku ishirini na moja, leo ni ya saba, na bima inaisha Ijumaa.